Masika katika Bustani ya Bi Mwamini

4 Machi

Leo nimeingia kwa Bi Mwamini. Hapa Mahege hiyo ni habari. Huu ni mwaka wangu wa pili kama muuguzi wa zahanati, na karibu kila mama ninayemzalisha amenisimulia bustani ile ya bondeni: ua wa makuti na miiba, lango la bati lenye komeo, na harufu inayotoka jioni mpaka wapita njia wanapunguza mwendo. Wa kuniambia kilichomo ndani sikumpata.

Asubuhi Daktari Honorata aliniita. "Elinipendo, mwana wa yule bibi amekuja tena. Mama yake ana kisukari, ana kidonda mguuni, na kuja hapa hataki. Nenda ukamwone kabla mvua haijaharibu njia." Mwana mwenyewe, Abbasi, alikuwa nje na pikipiki. Ni mkulima wa mpunga, mtu mzima, mpole, ila akimtaja mama yake anatazama chini.

Bi Mwamini alikuwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya maua, mguu mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwamkia. Akaitika marahaba bila kunitazama, akamwambia mwanawe afunge lango.

"Wewe ndiye Mchaga?"

"Mimi Mpare, bibi."

"Haya. Fungua uone, Mchaga."

Kidonda kiko chini ya kidole gumba. Hakimuumi, na hilo ndilo baya. Nilikisafisha huku macho yananitoroka. Mawaridi ninayoyajua mimi ni yale ya maharusi wa mjini, yamefungwa nailoni, hayanuki chochote. Haya ni mengine kabisa. Kuna jekundu linaloelekea kwenye weusi, petali zimekunjana kama kilemba. Kuna jeupe ambalo tumba lake lina wekundu pembeni, likifunguka wekundu unapotea. Kuna asumini iliyojaa, petali juu ya petali, kichaka kirefu kuniliko. Nikauliza ya wapi.

"Ya hapa," akasema. Kisha baada ya muda, "Aliyaanza Bi Kijakazi, bibi yake mume wangu. Mumewe alikuwa akipeleka mchele Unguja na Mombasa, anarudi na vijiti ndani ya magunia mabichi. Kila aliyeolewa katika nyumba hii alipanda wake. Huyo mwekundu ni Binti Yassin. Yule pale Habiba."

Alisema huyo, yule, kama watu.

Nimemwambia aende hospitali Kibiti. Amesema nimekuja kufunga kidonda au kumfukuza kwake.

7 Machi

Mvua. Nimefagia chumba mara mbili. Siwezi kukaa.

12 Machi

Mwezi umeandama, leo wamefunga. Nilimkataza Bi Mwamini, nikamwambia hata dini yake imempa ruhusa. "Ruhusa naijua kabla hujazaliwa," akasema. Nikamweleza kwamba vidonge vya sukari na tumbo tupu havikai pamoja. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama huko kwetu milimani waridi linaota.

Theodory ametuma ujumbe: kazi nyingi, Pasaka huenda asije. Mume wangu ni fundi umeme Morogoro. Niliomba uhamisho wa kwenda huko tangu mwaka jana. Kila gari la serikali likisimama zahanati nadhani ni majibu, nikitoka nje nakuta ni chanjo.

19 Machi

Nakwenda bondeni kila baada ya siku moja, na sitaki kujidanganya kwamba ni kwa ajili ya kidonda tu. Ndani ya ua ule moyo wangu unatulia kidogo, halafu nikitoka unarudi kule kule.

Leo nilimuuliza kwa nini hafungui lango. Alikuwa anakata matawi makavu akiwa amekaa, namsogezea kiti kila baada ya kichaka.

"Mume wangu Gharibu alioa mke wa pili," akasema. "Tatu, jina lake. Siku ya harusi yao nikaamka nikakuta bustani imenyolewa. Matumba, maua, yote. Yalikwenda kutandikwa kwenye kitanda cha Tatu. Asubuhi ya pili, mwenyewe akaja hapa, kanga mpya, hina mpaka kwenye viwiko, akasimama pale langoni anacheka. Eti ahsante dada kwa maua."

"Ukamjibu nini?"

"Nilifunga lango."

Nimerudi nikiwa na hasira kama jambo hilo nimetendewa mimi. Nimemchukia mwanamke ambaye sijapata kumwona.

24 Machi

Njia ya bondeni imekatika mahali. Abbasi amenivusha mgongoni, ananiomba radhi njia nzima.

28 Machi

Alasiri Abbasi alikuja anakimbia, pikipiki ameiacha kwenye tope. Mama ameanguka. Nikachukua mkoba, tukaenda mbio, Daktari Honorata akibaki na mama mwenye uchungu.

Alikuwa amelala chini ya kichaka cha Habiba, jasho linamtoka kama maji, macho wazi, haoni. Nikapima sukari. Ilikuwa chini sana. Nikamwekea sindano ya mshipa. Mshipa wa kwanza ukapasuka, wa pili ukakubali. Abbasi alikuwa amepiga magoti anasema, mama, mama, kwa sauti ndogo. Dawa ilipoingia alianza kurudi polepole, kwanza vidole, kisha midomo. Akanitazama.

"Umenifuturisha kabla ya magharibi," akasema.

Nikalia. Sijawahi kulia mbele ya mgonjwa. Nikamwambia kwa ukali kwamba akifunga tena sitakuja, atafute Mchaga mwingine. Kisha akamwambia Abbasi anikatie ua. Abbasi akasimama hajui la kufanya, maana tangu azaliwe hajawahi kuambiwa hivyo. Alikata lile jeupe. Nimeliweka kwenye glasi hapa mezani, na chumba kizima kimebadilika.

Kidole kimeanza kuwa cheusi. Nimekiona nilipokuwa namfunga. Sikumwambia leo.

31 Machi

Pasaka. Tulisali wachache, kina sisi wa kuja: walimu, mimi, mwenye duka la pembejeo. Baada ya ibada Mwalimu Ebenezer, ambaye kwao ni Morogoro na ametoka likizo majuzi, alitembea na mimi mpaka kwenye kona. Alisema mambo ya mvua, ya mitihani. Mwishoni akasema, "Nilimwona shemeji. Sokoni. Alikuwa na dada mmoja."

Nikasema labda ni mteja wake.

"Labda," akasema Ebenezer. "Ni mjamzito huyo dada. Shemeji alikuwa amembebea kikapu."

Nimepika wali, nimeumwaga. Nimekwenda hadi barabarani nikarudi. Nimekwenda tena.

1 Aprili

Namfikiria huyo dada. Najiuliza kama naye alicheka.

3 Aprili

Maji yameingia mashamba ya mpunga yote ya chini. Watu wamebaki juu ya madungu yao, yale mabanda ya miti mirefu wanayolindia ndege, wanapika huko huko. Kwa Bi Mwamini maji yapo nje ya ua. Bustani iko kwenye kiinuko kidogo, ila kiinuko chenyewe ni cha kumfika mtu gotini.

Nilimwambia habari ya kidole. Nikamwambia ni lazima hospitali, sasa, kabla weusi haujapanda mguu.

"Nikienda nani atabaki nao?"

"Nani?"

Akaonyesha kwa kidevu: Binti Yassin, Habiba, wote.

"Bibi, maji yakiingia hata ukiwepo watakufa."

"Basi nitawaona wakifa. Si watu wa kuachwa wafe peke yao."

Nilichukia. Nilimwona mbishi, mwenye majivuno, mwanamke aliyeipenda miti kuliko mwanawe. Nilipotoka Abbasi alinifuata. Amesema angewahamisha, vijiti vya kila kichaka, lakini Mahege ya bondeni yote italowa na yeye hana kiwanja juu. Mwenye kiwanja kikubwa cha juu katika ukoo ni mmoja tu, yuko Ruaruke.

"Nani?"

"Mama mdogo," akasema. "Mama Tatu."

6 Aprili

Nimekwenda Ruaruke. Daktari Honorata alinipa ruhusa na hakuuliza.

Njiani juu ya bodaboda nilipanga maneno ya ukali. Nilimkuta mwanamke mfupi, mnene, amekaa barazani anasuka mkeka wa ukindu, miwani imefungwa kwa uzi. Akanikaribisha maji kabla hajajua jina langu, yeye amefunga. Nikamweleza: mguu, maji, bustani. Aliendelea kusuka mpaka nikamaliza.

"Bado anasema nilikwenda kumcheka?"

Nikaweka kikombe cha maji chini.

"Nilikuwa mwari, mwanangu. Nimetolewa ndani majuzi tu, naambiwa kuna mume. Sikuulizwa. Nikaingizwa chumba kimejaa mawaridi, kitanda hakionekani. Nilikuwa naogopa sana usiku ule. Nikajiambia, mke mkubwa aliyenichumia maua yote haya ana moyo mzuri, sitateseka katika nyumba hii. Kulipokucha nikaenda kumshukuru. Namwona uso wake mpaka leo. Gharibu alikuwa ameyachuma yeye alfajiri, mwenye bustani amelala. Mimi sikujua. Naye hakujua kama sijui."

"Hukumweleza?"

"Lango lilikuwa limefungwa." Akakata ukindu kwa meno. "Aliyemwibia ni mume. Lakini mume alikuwa anarudi kula kila siku, huwezi kumchukia mtu na kumpakulia. Wa kuchukiwa nikawa mimi. Gharibu alipokufa nikarudi kwa kaka zangu. Huko bondeni sijakanyaga tena."

Nikaomba anipe kipande cha kiwanja. Akavua miwani.

"Kiwanja chukueni. Ila nani atakata? Abbasi? Abbasi atakata kama anakata kuni."

Nimerudi nimelowa. Sijala. Nilikwenda na hasira yangu ikiwa imekamilika, imeniponyoka mikononi sijui ilipoangukia.

7 Aprili

Naandika jioni hii nikiwa Kibiti, kwenye benchi la wodi, kwa sababu nisipoandika nitasimama tena na kuanza kutembea.

Asubuhi maji yaliingia. Si kwa kishindo. Yalipita chini ya ua kama mtu aliyekaribishwa. Abbasi alinipeleka kwa mtumbwi. Bi Mwamini alikuwa amekaa kwenye kiti chake kile kile, maji yanafika kwenye miguu ya kiti, mguu mbaya ameuweka juu ya ndoo. Nilipofungua bandeji nikajua hatuna siku. Wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo, na harufu yake ilishinda ya maua.

"Bibi, leo."

"Nimekwambia."

Tukasikia kasia. Mtumbwi mwingine ukaja mpaka langoni, na ndani yake wanawake wanne wa Mahege, magunia, visu, na mbele kabisa Tatu, kanga ameifunga kiunoni, miwani na uzi wake. Kumbe alikuwa ameanza safari tangu alfajiri. Akashuka, maji yakamfika mapajani. Akagonga bati.

"Nani huyo?" akauliza Bi Mwamini.

"Tatu."

Abbasi aliacha kuokota vyombo.

"Umekuja kuchuma tena?"

"Nimekuja kukata. Niambie nianzie wapi, maji hayatungoji."

Bi Mwamini alitazama lango. Nilidhani atamfukuza. Uso wake ulikuwa unatetemeka kidogo karibu na mdomo, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mwezi mzima nilikuwa nakiita ubishi. Alikuwa anaogopa. Alikuwa ameogopa muda mrefu sana, peke yake, ndani ya ua.

Nikainama karibu naye. "Bibi, tupatane. Wakikata kwa kila mmoja, unapanda mtumbwi. Asiachwe hata mmoja. Ukikubali nafungua."

Akasema, "Binti Yassin asiguswe kwa panga. Tafuteni kisu."

Nikafungua lango.

Waliingia wanawake wale wanne, wamezaliwa hapa, wamezeeka wakipita nje. Mmoja alisimama tu, mkono mdomoni. Kisha kazi ikaanza. Bi Mwamini alielekeza kutoka kitini: hapo chini ya kifundo, si hapo, kata kwa mshazari, acha jani moja, huyo mchimbe na mizizi yake hapandiki kwa kijiti. Tatu alikata, Bi Mwamini akamkosoa, Tatu akakata tena bila kusema neno. Miiba ilimchana mikono mpaka damu. Maji yalizidi kupanda. Nilikuwa nafunga vijiti kwa matambara mabichi, kila fungu na jina, na kila jina Bi Mwamini alilitaja mara mbili ili nisikosee.

Mwisho ilibaki asumini ile iliyojaa. Tatu alikata vijiti, halafu akabaki ameshika tawi lenye maua, hajui alifanyie nini.

"Mpe kila mmoja achukue," akasema Bi Mwamini. "Yataoza bure."

Wanawake wakachuma, wakaweka kwenye nywele, kwenye mikunjo ya kanga, wakiwa wamelowa hadi kifuani. Nami nilichuma.

Abbasi alimbeba mama yake kama mtoto. Hakutazama nyuma. Tatu alikaa upande wa pili wa mtumbwi, magunia katikati yao, na mpaka tunafika barabarani kwenye gari la wagonjwa hakuna aliyesema na mwenzake.

10 Aprili

Idi. Wamemkata mguu chini ya goti jana. Ameamka.

11 Aprili

Ameuliza kama vijiti vimepandwa. Hakuuliza mguu.

2 Mei

Nilipita Ruaruke. Tatu amevipanda nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha makuti. Nusu vimekauka. Habiba wote wamekufa. Binti Yassin wawili wana vichipukizi vidogo, vyekundu. Mahege maji bado yamesimama. Kutoka kwenye mtumbwi unaona ncha za vichaka, nyeusi.

Bi Mwamini anakaribia kuruhusiwa. Nyumba yake imeanguka upande mmoja. Abbasi anaishi kwa rafiki yake. Nikamuuliza Tatu mgonjwa atafikia wapi, akaniona mjinga.

16 Mei

Majibu ya uhamisho yamekuja. Wamekubali, Morogoro, kuanzia Julai. Daktari Honorata amenipongeza. Nimesema ahsante. Nimekaa na barua mapajani nisijue ni ya nani.

25 Mei

Nimekwenda Ruaruke kumtoa Bi Mwamini nyuzi za mwisho. Wanakaa barazani na Tatu, mmoja anasuka, mwingine anachambua ukindu, na wanagombana tangu nilipofika mpaka nilipoondoka: chumvi, redio, namna ya kumwagilia. Nilikuwa nafunga mkoba Bi Mwamini alipomgeukia mwenzake, ghafla, kama jambo lililokuwa kooni siku nyingi.

"Yale maua ya chumbani kwako."

Tatu akaacha kusuka.

"Gharibu alichuma ovyo. Alichanganya na yaliyokuwa yanapukutika. Ningeambiwa, ningekuchumia mwenyewe, nikakuchagulia."

Tatu akasema, "Yalinukia hivyo hivyo." Akaendelea kusuka, ila alikosea mistari miwili ikabidi afumue.

8 Juni

Morogoro. Sikumwambia Theodory kwamba nakuja. Nilitaka kumwona uso kwa uso, nimuulize yeye, si mtu mwingine. Fundi mwenzake alinielekeza nyumba.

Aliyefungua mlango ni msichana. Mdogo, mdogo kuliko nilivyomwogopa. Tumbo la miezi minane hivi. "Shikamoo dada," akasema, "Theo ametoka, karibu ndani umsubiri." Akanivutia kiti, akaketi kitandani akashika kichwa. Anaitwa Swaumu. Hakujua mimi ni nani.

Maneno yangu yote yalikuwa tayari. Nilifungua mdomo, nikaona miguu yake. Imevimba, ngozi inang'aa. Na uso nao, kwenye kope.

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Tangu juzi. Na macho yanaona kama nyotanyota. Theo kasema ni joto."

"Kliniki umekwenda?"

"Mwezi uliopita sikwenda."

Nikasimama. Nikamwambia mimi ni mkunga, achukue kadi yake na kanga mbili, tunaondoka sasa hivi. Ndani ya bajaji nikamwambia na jina langu. Sikutaka aje kulisikia kwa mtu mwingine. Akaiweka kadi mapajani. Akasema, "Aliniambia mliachana." Nikasema, "Hatujaachana. Lakini hilo nitamuuliza yeye. Wewe vuta pumzi." Akalia kimyakimya, mkono wangu hakuuachia.

Hospitalini, presha ilikuwa juu sana. Wakampandisha kitandani hapo hapo, wakamwekea dripu, daktari akaitwa. Muuguzi wa zamu alichukua kalamu akanitazama mimi.

"Na wewe ni nani wake?"

Swaumu, amefumba macho, akajibu kabla yangu.

"Ni dada yangu. Asiondoke."

Nikavuta kiti, nikakaa.